Thika hadi Ruiru, Kuutafutia Upepo Mguu wa Mbugua

Wako watu waliofika Mombasa wakaona meli, na wako waliovuka hadi Uganda wakarudi na habari za ndizi. Safari ninayowaandikia mimi ni ya kutoka Thika hadi Ruiru na kurudi. Najua mtacheka. Treni huimaliza njia hiyo kabla abiria hajaamua akae upande gani wa behewa. Lakini mimi niliisafiri siku mbili juu ya pikipiki ya magurudumu matatu, mguu wangu wa kulia umefungwa kwa kamba ya mkonge, na aliyetaka ufungwe ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo nivumilieni nianze na sababu.

Sababu ni ndugu yangu mkubwa, Mbugua. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge upande wa Juja, na alikuwa mtu wa kelele. Ungemjua anakuja kabla hajafika uani, maana aliimba nyimbo za kanisani kwa mdundo wa injini. Halafu siku moja mashine ya kukwangulia mkonge ikamshika suruali, na suruali ikaupeleka mguu. Hospitalini waliuokoa, namshukuru Mungu, lakini mguu uliorudi nyumbani haukuwa ule. Haukunjiki gotini. Na kuanzia goti kwenda chini hauna habari: nzi akitua, atembee, ashibe, aondoke, mwenyewe hajui. Mtu wa namna hiyo haendeshi baiskeli, na trekta la shamba lilikwisha pewa mwingine. Mbugua akawa anakaa nyuma ya nyumba akisokota kamba, kimya. Mama alikuwa akipita karibu naye anajikohoza kwa makusudi, ili tu amsikie akisema, "Pole, mama."

Mimi wakati huo nilikuwa mpeleka mikate wa Bwana Lalji, Mhindi mwenye tanuri la mikate karibu na soko la Thika. Nilipeleka kwa baiskeli, kapu mbele, kapu nyuma. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni, viwanda vilikuwa vinaongezeka, na kila kiwanda kilikuja na midomo yake. Baiskeli yangu ikashindwa. Ndipo Bwana Lalji akaletewa na mfanyabiashara wa Nairobi mashine ya kujaribu: mbele pikipiki, nyuma sanduku la mbao juu ya magurudumu mawili. Injini yake ilikaa katikati ya miguu ya mwendeshaji, na ubavuni ilikuwa na mabamba membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Bomba la moshi lilitokea upande wa kulia. Na angalieni jambo hili: breki, gia, hata teke la kuiwasha, vyote vilikuwa kazi ya mikono na mguu wa kushoto. Wa kulia haukuwa na kazi ila kukaa. Nilipoona hivyo moyo uliniruka. Nilikimbia nyumbani nikamwambia Mbugua, "Kuna mashine imeundwa na mtu anayekujua."

Alikuja akichechemea na fimbo yake, akaketi, akazunguka soko lote na mikate ndani. Aliimba. Wauza viazi walisimama kumtazama. Aliporudi uani na kuzima injini alinusa hewa, akaniuliza, "Njoroge, nani anachoma ngozi?"

Nikatazama. Suruali yake ilikuwa imeshikana na mguu.

"Ni wewe," nikamwambia.

Kidonda kilikuwa kipana kama jani la mbuni. Yeye hakusikia chochote, na hilo ndilo lililomwogopesha Bwana Lalji kuliko kidonda chenyewe. "Hapana, hapana," alisema akitikisa kichwa. "Mimi hapana taka mtu iungue kwa sababu ya mkate yangu. Ijumaa ile mtu ya Nairobi nakuja, nachukua mashine yake." Mbugua alishuka. Alichukua fimbo akaenda nyumbani, na jioni ile alisokota kamba mpaka Mama akamwondolea mkonge mkononi.

Kesho yake nikamwomba Bwana Lalji aniachie mashine siku mbili tu. Kulikuwa na duka Ruiru, na kantini ya shamba moja la kahawa huko juu, ambako walikuwa wanataka mikate yake. Ningeipeleka, na njiani ningetafuta jinsi ya kuutuliza moto ule. Nikirudi na mguu mzima, Mbugua apewe kiti.

"Na wewe nachoma mguu yako pia?"

"Mimi nikiungua nitapiga kelele, Bwana. Yeye hawezi."

Akasema, "Bodi yangu hapana guza." Alikuwa na maana ya bati kubwa lililochorwa mkate wa manjano, alilolifunga mbele ya pikipiki kutoka usukani hadi juu ya gurudumu. Lilitangaza mikate na kuzuia matope, na kila asubuhi yeye mwenyewe alilipangusa kwa kitambaa.

Alfajiri, Thika. Kibali cha serikali cha kutembea, ambacho siku zile hukwenda popote bila hicho, nilikuwa nacho mfukoni, kimepigwa muhuri wa siku mbili, na nyuma ya sanduku nilikuwa na ile herufi L nyekundu ya mtu anayejifunza. Mbugua alikuja kunifunga. Hilo lilikuwa wazo langu: ukiuacha mguu mzima, utajitenga na moto wenyewe bila kukuuliza. Wa kwake haujitengi. Basi na wangu usipewe nafasi. Aliunyoosha, akaupitishia kamba aliyoisokota mwenyewe, akaufunga kwenye pembe ya chuma cha kukanyagia, mahali hasa ambapo wake ulikaa.

"Imebana?"

"Kidogo."

"Usiusogeze."

"Na ukiungua?"

"Hapo utakuwa umejua kitu nisichokijua mimi," alisema, akanigonga kofi la mgongo. "Nenda. Na usiimbe, una sauti mbaya."

Kutoka Thika barabara inashuka taratibu. Mkono wa kushoto mlima wa Kilimambogo ulikuwa bado umejifunika ukungu hadi mabegani, na mkonge ulisimama pande zote kwa safu, kama watoto wa shule wenye nywele zilizosimama. Hewa ilikuwa baridi ya kutoa machozi. Nikajiambia, moto gani huo? Watu wanaogopa bure.

Ulikuja polepole. Kwanza ulikuwa kama ulimi wa ndama, unanilamba muundi. Nikacheka peke yangu. Baadaye ukawa kama mtu aliyeshika kikombe cha chai akakiegemeza pale na kusahau kukiondoa. Tulipoanza kupanda ukawa pasi ya makaa. Nikauma midomo. Jasho lilinitoka kichwani ilhali masikio yalikuwa barafu, na jambo hilo lilinishangaza kuliko maumivu: upepo mwingi namna hii usoni, na chini, kwenye injini, hakuna hata pumzi! Nililiona kabisa jambo hilo kwa macho yangu. Lakini kuona ni kazi moja na kuelewa ni nyingine, na mimi asubuhi ile niliifanya ya kwanza tu.

Mto Ndarugo. Nilisimama kabla ya daraja, nikajifungua, nikashuka kuuloweka mguu majini. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini haijatoka lengelenge. Nikiwa pale nikakumbuka mikebe ya maziwa. Ninyi wote mmeiona: maziwa yakipelekwa stesheni, mkebe huvishwa gunia lililoloweshwa, na jua likipiga vipi, maziwa hufika baridi. Gunia nilikuwa nalo, lililofunika mikate. Mbona watu wa Nairobi hawakufikiria jambo jepesi hivi? Nikaliloweka mtoni, nikaizungushia injini yote kuanzia juu hadi chini, nikafunga kwa waya vizuri kabisa, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni wakati wa baridi. Kisha nikajifunga mguu tena na kuondoka.

Jamani, raha! Mvuke ulipanda ukanipitia usoni na mguu ukapoa. Nikaimba, sauti mbaya na yote. Nikaanza kuota: mashine kumi zenye magunia, Mbugua mbele akiongoza, mikate inafika hadi Nyeri. Nilipokuwa nimeshafika Nyeri kichwani, kwenye barabara halisi tulikuwa nusu ya mlima unaofuata mto. Injini ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Mvuke ukaisha. Badala yake ukaja moshi, na harufu ya gunia linaloungua, kisha injini ikakaza ghafla, gurudumu likaburuta, tukasimama.

Nilitaka kuruka. Mguu ukakataa, ulikuwa umefungwa. Nikavuta kamba, na kamba za Mbugua hazikatiki, ndiyo sifa yake. Moshi unazidi, cheche moja inatembea pembeni mwa gunia kama mdudu mwekundu, tangi la petroli liko juu yake, na mimi nimeketi juu ya vyote viwili.

"Wee! Wee! Kijana! Unachoma mbuzi?"

Alikuwa mkata mkonge, mtu wa upande wa Kakamega kwa matamshi yake, ametokea kwenye safu na panga lake.

"Kata kamba!" nikalia.

"Nani amekufunga?"

"Kata kwanza, mzee wangu! Maswali baadaye!"

Alikata kwa pigo moja. Mimi nikaangukia upande mmoja, yeye akalivuta gunia kwa ncha ya panga akalitupa barabarani na kulikanyaga. Halafu akasimama akinitazama mimi, gunia, na mkate wa manjano uliochorwa kwenye bati.

"Sasa jibu. Nani amekufunga?"

"Ndugu yangu."

"Mmegombana?"

"Hapana. Nilimwomba."

Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. "Kwetu," alisema akifuta macho, "mtu akimpenda ndugu yake humpa kuku."

Mimi sikuwa na nguvu za kucheka. Nilikanyaga teke la kuwashia. Halikushuka hata kidogo. Chuma ndani kilikuwa kimeshikana na chuma. Nikaona yote mara moja: mashine ya watu imekufa, mikono iliyoiua ni yangu, na Mbugua yuko nyuma ya nyumba na mkonge wake mpaka azeeke. Machozi yalinitoka, siwafichi. Yule mtu akaacha kucheka. Akaja akaketi karibu nami, akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha.

"Iache ipumue," alisema. "Hata punda akianguka hapigwi siku hiyo hiyo. Kula."

Tulikula tukiitazama. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Athi, unapita kati ya yale mabamba ubavuni, na chuma kilikuwa kinalia tik, tik, kikipoa. Jua lilipokuwa limepanda nikajaribu tena. Teke likashuka. Likagoma, likashuka, kisha injini ikakohoa na kuitika. Nilimkumbatia yule mtu na panga lake. Nilimpa mkate, akaukataa, nikamlazimisha, akaupokea.

Juja, Theta, hadi Ruiru, nilikwenda mwendo wa arusi. Sikufunga mguu tena. Niliutoa nje kama mbwa anayekojoa, mnisamehe, na watoto wa njiani walinishangilia. Mkonge ulipungua, udongo ukageuka kutoka mweusi kuwa mwekundu, na kahawa ikaanza, kijani kibichi kinachong'aa kana kwamba kila jani limepakwa mafuta. Ruiru nilishusha mikate kwa mwenye duka, aliyeniuliza kwa nini ina harufu ya moshi. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya wa Thika. Akaonja, akachukua yote aliyoagiza.

Shamba la kahawa, juu ya Ruiru. Hapa ndipo anapoishi Tata Nyambura, dada ya Mama, anayefanya kazi kwenye meza za kukaushia kahawa. Nilishusha mikate iliyobaki kantini, nikawakuta wanawake wanakunywa uji. Hawakunihurumia.

"Nyambura! Mgeni wako amekuja na gari la kifalme!"

"Anauza mkate au anatafuta bibi?"

"Na suruali imeungua hivyo, nani atamkubali?"

Tata alinishika mashavu kama bado mtoto, akanigeuza, akauona mguu. "Uui! Njoroge! Nani amekufanya hivi?"

Nikamweleza yote nikinywa uji: mguu wa Mbugua usio na habari, Ijumaa, bodi, gunia. Alisikiliza bila kucheka, ila kwenye gunia alifunga macho. Alimpenda Mbugua sana. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, wakati Mama alipokuwa mgonjwa. "Kwa hiyo usipopata njia, Ijumaa anarudi kwenye kamba zake," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Basi usikae hapa kama mgeni. Njoo unisaidie kufunika, utafikiria ukiwa na mikono."

Mimi nilikuwa sijawahi kuona kahawa ikikaushwa. Nilidhani huanikwa chini kama mahindi. Kumbe wana meza ndefu, ndefu, zinazoteremka na kilima, urefu wa kiuno cha mtu, na juu yake si mbao ila wavu wa waya. Kahawa imetandazwa juu ya wavu, nyeupe kama meno. Nikainama nikatazama chini ya meza: hakuna kitu. Nyasi tu, na upepo.

"Kwa nini msiweke mbao, Tata? Si zingebeba zaidi?"

"Ikae juu ya mbao itoe jasho, inuke? Kahawa haikaushwi na jua peke yake. Jua linatoa maji, upepo unayabeba. Kama upepo hauna mahali pa kupita, maji yanaenda wapi?"

Saa za jua kali zilikuwa zimefika, na hapo huwa wanaifunika, kwa sababu jua la mchana huipasua ganda. Wakaleta magunia yaliyoshonwa pamoja. Mimi, mtu wa magunia, nikashika pembe moja na kuanza kulilaza juu ya kahawa kwa upendo.

"Wewe! Usililaze!" wakapiga kelele watatu kwa pamoja.

Tata akanionyesha. Kando ya kila meza walikuwa wamechomeka fito zilizopindwa kama upinde, na gunia lilipita juu ya fito, likaacha nafasi ya kiganja kati yake na kahawa. Pande mbili za mwisho zilibaki wazi. "Kivuli tunataka," alisema, "blanketi hatutaki." Niliingiza mkono katika ile nafasi. Juu yangu gunia lilikuwa la moto kwa jua, chini yangu kahawa ilikuwa vuguvugu tu, na katikati, kwenye vidole vyangu, upepo ulikuwa unapita zake, hauna haraka.

Nilisimama pale mkono ukiwa ndani mpaka mwanamke mmoja akauliza kama nimeumwa na nyoka.

Nilikuwa natafuta kitu cha kuufunika moto, kumbe moto ulikuwa umefunikwa tayari! Lile bati la mkate wa manjano lilisimama mbele ya injini kama mlango uliofungwa. Upepo wote ulikuja usoni kwangu kwa sababu chini ulikatazwa. Nami juu ya hapo nikaiongezea gunia. Nikamwambia Tata, maneno yakinikanyagana. Akasema, "Sijui mambo ya injini. Lakini mbona unasimama?"

Mchana ule tulikaa nyuma ya nyumba yake. Alinipa debe lake lililokuwa linavuja. Nililikata nikalinyoosha, nikapata kipande cha kukinga mguu kutoka goti hadi kifundo. Nikakiweka upande wa kulia, kati ya mguu na bomba la moshi, lakini kisiguse chuma: nikakishikilia kwa vipande vya bomba la baiskeli kuukuu, kila kimoja urefu wa upana wa kiganja, ili upepo uingie mbele na kutokea nyuma. Makali ya mbele nikayakunja nje kidogo, kama mtu anayetega sikio, yaukusanye upepo. Kazi ngumu haikuwa debe. Ilikuwa bodi. Nilizunguka lile bati mara nyingi, nikashika bisibisi, nikaiweka chini. Bwana Lalji aliniambia neno moja tu nisifanye.

"Anampenda Mbugua?" Tata aliuliza.

"Anampenda mkate wake. Lakini alipoona kidonda aligeuza uso."

"Mtu akigeuza uso ana moyo. Ondoa."

Nikaliondoa, nikalifunga ubavuni mwa sanduku, mkate wa manjano ukitazama barabara. Nililala pale.

Asubuhi, kurudi. Wanawake walipoona Tata ananifunga mguu kwa kamba mpya walishika vichwa. "Mtoto wa dada yangu," aliwaambia bila kuinua macho, "msiulize."

Kutoka Ruiru hadi Theta nilingoja moto. Ulikuja ulimi wa ndama, ukakaa hapo hapo kwenye ulimi wa ndama. Nilipanda kilima, ukaongezeka kidogo, nikashuka, ukapungua. Nikiinama nilisikia upepo ukipiga filimbi kwenye debe. Injini nayo ilikuwa na sauti nyingine, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Nililia tena, lakini hayo machozi upepo uliyakausha, hayahesabiki.

Karibu na Juja kulikuwa na askari wa barabarani. Nilisimama injini ikiunguruma, nikatoa kibali. Alikisoma mbele, nyuma, akaitazama L, kisha akaona kamba.

"Umefungwa?"

"Ndiyo, afande."

"Na nani?"

"Na Tata yangu."

Aliita mwenzake. "Njoo uone mahabusu anajiendesha mwenyewe!"

Wakaanza kunihoji, na wakati wanahoji nikahisi moto unapanda. Kwanza chai, halafu pasi. Debe lilikuwa pale pale, lakini tulikuwa tumesimama, na upepo wa barabarani ulikuwa umesimama pamoja nasi. Nikakunja uso. "Mbona unatetemeka? Umeficha nini?" Nikazima injini. Moto ukakaa kidogo, ukaanza kushuka. Wakapekua sanduku wakakuta makombo. Mmoja wao, kijana wa umri wangu, aliweka mkono nyuma ya debe, akautoa, akauweka kwenye bomba, akauondoa upesi. "Ahaa," alisema polepole. "Hii ni ukuta na dirisha." Wakaniacha niende. Lakini mimi nilikuwa nimepata la kumwambia Mbugua: ukisimama kuongea na mtu, zima. Yeye hupenda sana kuongea.

Thika, kabla ya saa za mchana. Bwana Lalji alitoka tanurini na unga mikononi. Hakutazama mguu wangu. Alitazama mbele ya pikipiki.

"Bodi yangu iko wapi?"

"Pembeni, Bwana."

"Mimi nasema nini? Nasema hapana guza!"

"Ulisema. Lakini pale mbele ilikuwa inaziba pua ya injini. Shika hapa, Bwana, tafadhali, uone." Nikajifungua, nikapandisha suruali. Kulikuwa na wekundu wa jana tu, unaopona. Alitazama. Akainama, akapeleka kiganja chake chenye unga kati ya debe na bomba, akakiacha pale. Alizunguka hadi ubavuni, akapangusa mkate wa manjano kwa mkono wa shati.

"Hapa watu ya barabara naona muda mrefu zaidi," alisema kama mtu anayejisemea. Kisha kwa sauti: "Haya. Mbugua nakuja, naenda mpaka daraja ya Ndarugo, narudi. Mimi natazama mguu yake mwenyewe."

Mbugua alikuja, Mama nyuma yake. Kidonda kilikuwa kimefungwa kitambaa safi na Mama. Nilimweleza habari za kuzima akisimama, akaitikia kwa kichwa. Alipanda. Hakuimba alipoondoka. Mimi, Mama na Bwana Lalji tulibaki uani, na hapo ndipo nilipojua kwamba safari ya maili zote zile ilikuwa nyepesi kuliko kungoja. Mimi nilipokuwa njiani nilikuwa na mguu wa kuniambia. Sasa mguu uliokuwa njiani ulikuwa haumwambii mtu.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Aliingia uani, akazima mara moja, akabaki ameketi, mikono kwenye usukani, anatazama mbele. Aliogopa kutazama chini. Nikapiga magoti. Nikamkunjia suruali polepole, nikatazama juu ya kitambaa na chini ya kitambaa, nikazungusha kiganja changu kwenye muundi, nyuma, hadi kifundo, mahali pote ambapo yeye mwenyewe hangeweza kujua.

"Niambie," alisema.

"Una joto la mtu tu."

Bwana Lalji naye aliinama, akashika, akakohoa, akarudi tanurini. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Ijumaa ile mtu ya Nairobi nakuja, mimi nalipa yeye. Kesho mikate ya Ruiru na ya Juja." Mama alikaa chini pale pale uani, kwenye unga.

Haya ndiyo niliyojifunza kwa safari yangu fupi: moto haupendi kufungiwa, hata kwa nia njema. Uachie njia ya kutokea, usimame kando kiganja kimoja, mtaishi pamoja. Nadhani na watu ni hivyo, lakini hilo bado nalifikiria. Mimi nimerudi kwenye baiskeli yangu na mikate ya hapa mjini. Niliipenda ile mashine, siwezi kusema uongo, na bado huwa naiota. Lakini asubuhi nyingine ninapopanda kutoka stesheni, nasikia nyuma yangu injini na mtu anayeimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa kuliko ya injini, na Mbugua ananipita, anapiga honi, ananiambia nikanyage, mtoto wa nyumbani, mbona umelala. Kisha anapotea, na upepo wake unanipiga usoni, umejaa mkate.